William Rowan Hamilton na Mpangilio wa Kuzidisha

Kila mwalimu wa hesabu hufundisha ya kwamba 3 mara 4 ni sawa na 4 mara 3. Kanuni hiyo ni kweli kwa namba zote za shule ya msingi. Hata hivyo, si kweli kwa kila kitu kiwezacho kuzidishwa. Miongoni mwa watu wa kwanza kulidhihirisha jambo hilo ni Hamilton.

Alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1805. Alilelewa katika mji mdogo wa Trim na ndugu wa baba yake, aliyekuwa mwalimu na mtumishi wa kanisa. Angali mtoto alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Baadaye alishindanishwa na mvulana wa Kimarekani, Zerah Colburn, aliyesifika kwa kukokotoa kwa kichwa, naye akashindwa. Hamu yake ya hesabu ikazidi. Mwaka 1827, kabla hajamaliza masomo ya chuo kikuu, aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya nyota.

Katika miaka ya 1834 na 1835 alitoa maandiko yaliyoeleza upya kanuni za mwendo. Humo, mwendo wa vitu hupatikana kutokana na fomula moja, ambayo kwa kawaida ni jumla ya nishati yao.

Wakati huo alikuwa na fumbo jingine. Jozi za namba zilitosha kueleza mzunguko katika uso bapa. Yeye alitaka namba tatu tatu kwa ajili ya anga lote. Wanawe walimwuliza asubuhi kama ameweza kuzizidisha, naye akakiri ya kuwa anaweza kuzijumlisha na kuzitoa tu. Tarehe 16 Oktoba 1843, akitembea na mkewe kando ya mfereji, alipata jibu: zahitajiwa namba nne, na sharti kanuni ya zamani iachwe. Katika namba hizo, ziitwazo kwatanioni, i mara j ni k, bali j mara i ni hasi k. Alichonga fomula yake kwenye jiwe la daraja.

Hamilton alifariki mwaka 1865. Miaka 60 baadaye, mwaka 1925, Heisenberg alikuta katika fizikia ya atomu vipimo ambavyo mpangilio wa kuvizidisha hubadili jibu. Hakuvitoa katika kwatanioni, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa. Mwaka 1926 Schrödinger aliigeuza fomula ya nishati ya Hamilton kuwa opereta, yaani agizo la tendo la kutendwa juu ya fomula nyingine. Opereta hiyo hadi leo yaitwa kwa jina la Hamilton.

Mwalimu wa darasa la tatu hana haja ya kutaja atomu. Lakini asiseme ya kwamba mpangilio haujalishi kamwe. Na awape watoto mawe 7 watoe 2. Kisha wajaribu kutoa 7 katika 2. Awaulize kama kuvaa soksi kabla ya kiatu ni sawa na kuvaa kiatu kabla ya soksi. Wapime kila tendo, wagundue wenyewe ni lipi linaloruhusu kubadilishana nafasi na ni lipi linalokataa. Mtoto aliyekaririshwa kanuni bila kuijaribu hutatizika siku anapokutana na hali isiyoifuata. Na siku hiyo huja mapema, katika somo la kutoa.