Wilbur Wright: Fundi baiskeli aliyeanza na tiara ya mita moja na nusu

Juni 1908, Mmarekani mwembamba, asiye na maneno mengi, alifungua masanduku makubwa ya mbao katika kiwanda cha magari cha Léon Bollée mjini Le Mans, Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na ndege yake, imefunguliwa vipande vipande. Mdogo wake, Orville, alikuwa ameifungasha mwaka mmoja kabla na kuisafirisha kwa meli hadi bandari ya Le Havre, ambako ilihifadhiwa forodhani.

Mzigo ulikuwa umeharibika. Mbavu za mabawa kama kumi zilikuwa zimevunjika, kitambaa kimechanika sehemu nyingi, rejeta zimebonyea. Kwa hasira, Wilbur alimwandikia Orville barua akimlaumu kwa kufungasha ovyo.

Baadaye ilibainika kuwa Orville hakuwa na kosa. Maofisa wa forodha wa Le Havre walikuwa wamefungua masanduku kukagua, kisha wakarudisha vitu ndani bila mpangilio. Anayevusha bidhaa mpakani anaijua hasara ya aina hiyo, na anajua inavyoweza kugombanisha washirika walio mbalimbali.

Fedha nazo zilikuwa zikisubiri. Machi mwaka huo ndugu hao walikuwa wamekubaliana na matajiri wa Ufaransa wakiongozwa na Lazare Weiller, ambao wangelipa faranga 500,000 iwapo ndege ingethibitisha uwezo wake mbele ya macho yao. Huko Paris, wengi waliwaona ndugu wa Wright kuwa waongo. Ili kuwajibu, Wilbur alipaswa kwanza kurudisha mabawa katika mstari wake, waya mmoja baada ya mwingine.

Kazi hiyo alikuwa ameianza miaka tisa kabla, kwa modeli ndogo.

Boksi la mpira wa baiskeli

Wilbur Wright alizaliwa Aprili 16, 1867, karibu na Millville, jimbo la Indiana. Baba yake, Milton, alikuwa askofu. Mwaka 1878 aliwaletea watoto wake kidude cha kuchezea kilichopaa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Wilbur na Orville walikichezea hadi kikavunjika, wakaunda vingine.

Hakuna kati yao aliyesoma chuo kikuu. Mwaka 1892 walifungua duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio. Mwezi Mei 1899 Wilbur aliiandikia Taasisi ya Smithsonian akiomba maandishi yote yaliyokuwepo kuhusu kuruka angani. Aliposoma, aliona kuwa wengi walihangaika na nguvu ya kupaa, huku wachache wakifikiria namna ya kuiongoza ndege ikiwa juu.

Jibu alilipata dukani. Siku moja mwezi Julai, akiongea na mteja aliyekuja kununua mpira wa ndani wa baiskeli, alikuwa akichezea boksi tupu la mpira huo. Aliligeuza ncha moja huku na nyingine kule, akaona pande za juu na chini zikijipotoa pamoja bila boksi kukunjika. Hapo akayaona mabawa mawili, moja juu ya jingine.

Aliunda tiara ya mbao za msonobari yenye mabawa mawili, upana wa mita moja na nusu. Kati ya bawa la juu na la chini alisimamisha vijiti vya nguzo, kisha akavuta waya kutoka kona hadi kona.

Waya hizo ndizo roho ya modeli kama hiyo. Kila nguzo mbili pamoja na mabawa hufanya umbo la mstatili, na mstatili usiofungwa hulala upande kama fremu ya mlango isiyopigiliwa ubao wa mshazari. Waya mbili zinazokatana huuzuia. Lakini ukikaza mmoja bila kulegeza mwenzake, umbo lote hupinda. Fundi hupima kona kwa kona, na vipimo viwili vikilingana, pembe zimekaa sawa. Kisha hutazama mabawa kwa mbele na kuhakikisha ukingo wa bawa la kulia umeinuka sawa na wa kushoto. Upande ulioinuka zaidi hubebwa zaidi na upepo, na modeli hulalia upande mwingine.

Kwa wengine, kasoro hiyo ilikuwa ya kuondolewa tu. Wilbur aliigeuza kuwa usukani. Alifunga waya zilizoshikilia mabawa kwa upana, lakini akaacha zile za kutoka mbele kwenda nyuma. Tiara ilikuwa imara upande mmoja na laini upande mwingine. Kwa kamba nne zilizofungwa kwenye vijiti viwili mikononi mwake, alipotoa mabawa, na tiara ikalala kulia au kushoto kama alivyotaka.

Kutoka modeli hadi ndege

Kati ya 1900 na 1902 ndugu hao walipeleka ndege zisizo na injini kwenye michanga ya Kitty Hawk, North Carolina. Ile ya 1901 ilibeba uzito mdogo kuliko hesabu zilivyosema. Walirudi Dayton, wakaunda sanduku la kupulizia upepo na kupima ndani yake modeli za mabawa zipatazo 200, kwa mizani iliyotengenezwa kwa spoki za baiskeli na vyuma vya misumeno.

Desemba 17, 1903, ndege yao yenye injini iliruka mara nne. Bawa la kulia lilikuwa refu kuliko la kushoto kwa sentimita kama 10, kwa sababu injini, iliyokaa upande huo, ilikuwa nzito kuliko rubani. Orville alianza kwa sekunde 12. Wilbur alimaliza kwa sekunde 59, umbali wa mita 260.

Siku ya kujibu

Le Mans, ukarabati ulichukua wiki kadhaa, sehemu kubwa ukiwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Julai 4 bomba la rejeta lilichomoka na maji ya moto yakamuunguza mkono. Aliendelea.

Jioni ya Agosti 8, 1908, katika uwanja wa mbio za farasi wa Hunaudières, alipaa kwa dakika moja na sekunde 45. Alipotoa mabawa, ndege ikalala na kukata kona kwa ulaini ambao marubani wa Ulaya hawakuwa wameuona. Waliomdhihaki walikiri makosa yao.

Furaha hiyo haikudumu. Septemba 17, huko Fort Myer, Virginia, panga la ndege ya Orville lilipasuka na kugonga waya ulioshikilia mkia. Ndege ilianguka. Orville alivunjika mguu na mbavu, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafariki. Wilbur, akiwa mbali, alijilaumu kwa kutokuwa naye.

Alirudi angani. Desemba 31 aliruka kwa saa mbili na dakika 20 katika uwanja wa Auvours, karibu na Le Mans, na kutwaa Kombe la Michelin.

Homa ya matumbo ilimuua nyumbani Dayton, Mei 30, 1912, akiwa na miaka 45. Hakuwahi kuoa. Orville aliishi hadi 1948. Mabawa ya kupotolewa yaliachwa, nafasi yake ikachukuliwa na vibawa vidogo vya bawaba. Lakini anayeunda modeli ya ndege ya mabawa mawili leo bado hupima kona kwa kona na kulinganisha kulia na kushoto kabla ya kuiachia upepo.