Mkatoliki Sugu Aliyechukua Shule za Kanisa: Stori ya Nyerere na Kalamu Yake

Wasee wengi mtaani wanamjua Julius Nyerere kama yule mzee wa Ujamaa, rais wa kwanza wa Tanzania. Chenye hawajui ni kwamba buda alikuwa mwandishi, tena si wa kubahatisha.

Alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki. Kwao walifuata dini ya mababu. Ukristo alikutana nao shuleni, na hakuukimbilia. Alibatizwa 1943 akiwa na miaka 21, Kambarage akawa Julius.

Baada ya Makerere na Edinburgh, alikuwa anafunza shule ya Kikatoliki huko Pugu wakati siasa ya TANU ilimbana achague: chaki ama chama. 1955 akaacha kazi. Jina Mwalimu halikumwacha.

Sasa hapa ndio stori inanoga. 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. 1969 akaleta Mabepari wa Venisi. Angeweza kuwaita wafanyabiashara tu, lakini Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili, na bepari ndiye alikuwa adui wa taifa. Jamaa aliingiza siasa mpaka kwa jina la kitabu. Pia aliwafunga mdomo wale walidhani Kiswahili hakiwezi kubeba kazi nzito.

Kwa dini, alikuwa mtu wa misa asubuhi na mapema. Lakini serikali yake haikuwa na dini. Mwisho wa miaka ya sitini, shule za misheni zilichukuliwa na serikali, kwa sababu watoto Waislamu walikuwa wameachwa nyuma kimasomo. Kanisa lake mwenyewe likapoteza shule. Na 1970, akiwa New York, aliwaambia masista wa Maryknoll wazi kwamba Kanisa lisiposimama na maskini litakosa maana.

Si eti alikuwa malaika. Miaka ya sabini watu wengi walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vya Ujamaa, na wapinzani wengine wakafungwa bila kesi. Huyo pia ni yule yule wa misa. Stori yake lazima ibebe zote mbili.

Alitoka Ikulu 1985 kwa hiari yake, kitu adimu Afrika ya wakati huo. Uzeeni akaandika Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, zikachapishwa 1996. Cheki hiyo: utenzi ulikuzwa na washairi Waislamu wa Lamu na Pate karne nyingi, na Mkatoliki wa Butiama akauomba umbebee Yesu. Ukambeba.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tangu 2005 Kanisa linachunguza kama anafaa kuitwa mtakatifu. Hiyo wacha Roma iamue. Vitabu vyake viko, kwa lugha hii hii unatumia ukiitisha chenji kwa matatu. Wewe umesoma ngapi?