Terry Hirst

Terry Hirst (1932 - 2015) alikuwa mchoraji wa katuni, mwalimu wa sanaa na mchapishaji wa majarida nchini Kenya. Anakumbukwa hasa kwa jarida la vichekesho la Joe, alilolianzisha mjini Nairobi pamoja na mwandishi wa habari Hilary Ng'weno.

Maisha ya awali

Hirst alizaliwa Brighton, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Kenya kupata uhuru, alihamia huko kufundisha sanaa. Alikuwa mwalimu katika Chuo cha Kenyatta, ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Pia alichora katuni katika gazeti la Daily Nation, ambako alikuwa na ukurasa wake wa kila Ijumaa.

Jarida la Joe

Joe lilianza mwaka 1973. Jina lilitokana na mhusika wa safu ya vichekesho aliyoiandika Ng'weno, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Joe ni mwananchi wa kawaida wa mjini: kodi ya nyumba inamsumbua, mshahara unaisha kabla ya mwezi, lakini hakosi la kuchekesha. Hirst alichora majalada ya jarida hilo. Lugha yake ilikuwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na maneno ya mitaani ya Nairobi. Mbali na katuni, lilichapisha hadithi fupi za waandishi kama Meja Mwangi na Sam Kahiga.

Ng'weno alipoondoka na kuanzisha The Weekly Review mwaka 1975, Hirst aliendelea na jarida pamoja na mke wake, Nereas Gicoru.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Tangu mwaka 1969 KANU ilibaki chama pekee nchini, na Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Kuwakosoa wakubwa waziwazi kulikuwa hatari. Joe lilipita njia ya kicheko: lilionyesha shida za mtu wa chini, na msomaji akajijazia mwenyewe lililobaki. Jarida lilikoma mwaka 1979.

Kazi za baadaye

Katika miaka ya 1980 Hirst alitoa mfululizo wa vitabu vya katuni ulioitwa Pichadithi, jina lililounganisha picha na hadithi. Ulisimulia hadithi za jadi za Kiafrika, kwa mfano ile ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo, kabila linaloishi pia mkoani Mara nchini Tanzania. Mwaka 1994 taasisi ya Mazingira Institute ilichapisha kitabu chake The Struggle for Nairobi, kinachoeleza kwa katuni historia ya mji huo na ugomvi juu ya ardhi na makazi yake.

Urithi

Hirst hakuwa mchoraji wa kwanza wa katuni nchini Kenya. Edward Gitau alikuwa ameanza kumchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950. Mchango wa Hirst ulikuwa kuifanya katuni kuwa njia ya kujadili siasa na maisha ya mjini. Godfrey Mwampembwa (Gado), Mtanzania aliyejiunga na Daily Nation mwaka 1992, alikuta wasomaji waliokwisha kuzoea kuona viongozi na matatizo ya nchi yakijadiliwa kwa michoro.