Ladipo Solanke, mtu aliyewatafutia wanafunzi nyumba London

Kijana anayeenda kusoma mbali, kitu cha kwanza anatafuta ni pa kulala. London, miaka ya 1920, wanafunzi kutoka Afrika ya Magharibi walifungiwa milango mingi juu ya rangi ya ngozi yao.

Ladipo Solanke alifika kule mwaka wa 1922 kusomea sheria. Alikuwa mtu wa Abeokuta, Nigeria, na alikuwa amesoma Fourah Bay College, Sierra Leone. Makuta ilimuishia mara nyingi, akafundisha Kiyoruba ili apate chakula. Mwaka wa 1924 alisema Kiyoruba kwenye redio, wakati redio yenyewe ilikuwa kitu kipya.

Tarehe 7 Agosti 1925, pamoja na daktari Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone, alikusanya wanafunzi 21, wengi wao wa sheria. Wakaanzisha WASU, Umoja wa Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi, na Solanke akawa katibu. Mwaka uliofuata wakatoa gazeti lao.

Lakini umoja bila nyumba unalegea. Mwaka wa 1928 Marcus Garvey aliwapa nyumba, ila ilikuwa ya muda tu. Basi 1929 Solanke akapanda meli kurudi Afrika. Alizunguka miaka mitatu hivi, Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo), Sierra Leone na Gambia, akiomba michango kwa wafalme na kwa watu wa kawaida. Matawi ya WASU yakazaliwa njiani. Mwaka wa 1933 nyumba ikafunguliwa Camden, na mke wake Opeolu akaisimamia pamoja naye.

Serikali ya Uingereza nayo ikafungua nyumba yake ya wanafunzi, Aggrey House, 1934. WASU ikaigomea: anayekulipia chumba anaweza pia kukuchagulia maneno ya kusema ndani yake. Ila nyumba inakula pesa kila mwezi, na baadaye WASU yenyewe ilipokea msaada wa serikali hiyo hiyo. Wenzake Solanke walibishana sana juu ya jambo hilo.

Hata hivyo, ndani ya umoja huo vijana walijifunza kuongoza. Kwame Nkrumah alikuwa makamu wa rais wake kabla ya kurudi kwao 1947. Solanke alifariki London mwaka wa 1958, miaka miwili mbele ya uhuru wa Nigeria.