Kidole cha Bob Marley: Soma kabla hujakataa tiba ya saratani

Sina haja ya kukutambulisha kwa Bob Marley. Picha yake unaiona kwenye daladala, kwenye fulana na kwenye kuta za vinyozi, na nyimbo zake wanaziimba hata vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake. Jambo ambalo wengi hawalijui, au wamelisikia likiwa limepotoshwa, ni ugonjwa uliomuua. Leo tuyapitie maisha yake kwa upande huo, kwa sababu uamuzi uliomkabili akiwa na miaka 32 ndio unaowakabili baadhi yenu wiki hii: nikubali tiba ya saratani niliyoelekezwa hospitali, au niikatae?

Kijana wa Nine Mile

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaica. Mama yake, Cedella, alikuwa msichana mdogo wa Kiafrika. Baba yake, Norval Marley, alikuwa mzungu mtu mzima ambaye hakukaa naye. Akiwa bado mtoto alihamia Trenchtown, mtaa wa maskini jijini Kingston, na huko ndiko yeye na wenzake Peter Tosh na Bunny Wailer walikoanzisha kundi la The Wailers.

Mwaka 1966 alimuoa Rita. Alishika imani ya Rastafari kwa dhati. Kwa Rasta, mwili ni hekalu. Nywele hazikatwi, na wengi huamini kwamba mwili nao haupaswi kukatwa. Ukumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Desemba 1976 watu wenye silaha walivamia nyumba yake Kingston wakampiga risasi. Alipona, akaondoka Jamaica na kuhamia London kwa muda. Kipenzi chake cha pili baada ya muziki kilikuwa mpira wa miguu. Aliucheza popote alipokwenda.

Kidonda kisichopona

Mei 1977 alikuwa Ulaya kwenye ziara ya muziki. Akiwa Paris, Ufaransa, aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia wakati wa mechi ya kirafiki. Ukucha uling'oka na kidonda kikakataa kupona. Madaktari walipokichunguza walikuta melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Ilikuwa chini ya ukucha.

Hapa niondoe uvumi. Mpira haukumletea saratani. Kuumia kidole hakuzalishi melanoma. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtu anaumia, anapeleka mguu hospitali, ndipo ugonjwa uliokuwepo kimyakimya unaonekana.

Uvumi mwingine ni kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu na ndugu zetu wenye ualbino tu. Ni kweli kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata melanoma kwa nadra. Lakini tunapoipata, mara nyingi inajificha pale ambapo ngozi haina weusi mwingi: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Aina hii haitokani na jua. Kwa kuwa hakuna anayeitegemea, wengi hufika hospitali wamechelewa, baada ya kuipaka dawa ya fangasi kwa miezi.

Ushauri wa kukata kidole

Madaktari walimshauri akatwe kidole. Alikataa. Wanaosimulia maisha yake hutaja kwanza imani yake. Wengine huongeza kwamba alihofia kushindwa kucheza jukwaani na uwanjani. Sioni sababu ya kuchagua moja. Wagonjwa ninaowaona nao huwa na sababu mbili au tatu kwa pamoja, na ile wanayoitamka kwanza si lazima iwe ndiyo nzito kuliko zote.

Usifikiri kwamba alikataa tiba yote. Alikwenda Miami, Marekani, akapata daktari mwingine, na wakakubaliana juu ya upasuaji mdogo zaidi: kuondoa ukucha na nyama iliyo chini yake, kisha kupandikiza ngozi iliyotolewa kwenye paja. Ziara yake ya Marekani mwaka huo ilifutwa. Kidonda kilipona, akarudi kazini.

Je, angekubali kukatwa kidole angepona? Hakuna daktari mkweli atakayekuapia. Inategemea ugonjwa ulikuwa umezama kiasi gani na kama mbegu zake zilikuwa zimeshatoka kwenye kidole siku ile. Siku hizi, melanoma ya ukucha ikiwahiwa kabla haijazama, wapo wagonjwa wanaoondolewa ukucha na sehemu ya chini yake wakabaki na kidole. Ninachoweza kukuambia ni kwamba saratani ikiwa bado iko sehemu moja, kuiondoa yote kwa kisu ndiyo nafasi kubwa kuliko zote. Nafasi hiyo haikusubiri.

Miaka mitatu ya afya njema

Kilichofuata ndicho kinachowadanganya wengi. Alionekana mzima kabisa. Mwaka 1978 alirudi Jamaica, na Aprili akiwa jukwaani akawashikanisha mikono wanasiasa mahasimu, Michael Manley na Edward Seaga. Mwishoni mwa mwaka huo alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza, akafika Kenya na Ethiopia. Aprili 1980 alitumbuiza Harare, wakati huo ukiitwa Salisbury, kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Juni mwaka huohuo alijaza uwanja wa San Siro mjini Milan, Italia.

Mtu anayeweza kufanya hayo yote, nani angemwambia ni mgonjwa? Kumbe mbegu za saratani zilikuwa zinasafiri mwilini bila maumivu wala homa. Ukiacha tiba leo na mwezi ujao ukajisikia vizuri, usichukue hilo kuwa ushahidi kwamba dawa ya kienyeji imefanya kazi. Saratani nyingi hukupa muda wa kujisikia vizuri.

Septemba 1980 alifanya maonyesho mawili New York. Septemba 21, akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, alianguka. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ubongo. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani Pittsburgh, na hilo likawa onyesho lake la mwisho. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu na ini pia.

Tiba iliyochelewa, tumaini lililobaki

Sasa alikubali tiba ya hospitali, ikiwemo mionzi. Zile nywele alizozitunza kwa imani miaka yote zikapukutika. Novemba 1980 alibatizwa katika Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, kisha akapelekwa kusini mwa Ujerumani kwa daktari Josef Issels, aliyejulikana kwa kupokea wagonjwa walioambiwa hakuna cha kufanya. Issels alitumia lishe maalumu na tiba nyingine za kwake. Wataalamu wa Uingereza walikuwa wameichunguza kliniki yake, na ripoti yao ya mwaka 1971 haikupata ushahidi kwamba tiba hizo huzuia saratani kukua.

Simlaumu Marley kwa kwenda. Saratani ilikuwa imeshasambaa, na dawa za wakati ule hazikuweza kuizuia melanoma ya hatua hiyo. Dawa za kisasa zinazoamsha kinga ya mwili kupambana nayo zilianza kuidhinishwa mwaka 2011, na hadi leo bei yake ni kubwa mno kwa wengi wetu.

Alitimiza miaka 36 akiwa Ujerumani, katikati ya baridi, mbali na kwao. Mei 1981, ilipoonekana hakuna nafuu, alianza safari ya kurudi Jamaica. Hakufika. Alifia hospitali Miami, Mei 11, 1981, akaacha mke, mama na watoto wengi, baadhi yao wadogo. Hakuwa ameandika wasia, na familia ilihangaika na kesi za mirathi kwa miaka mingi. Alizikwa Nine Mile, kijijini alikozaliwa.

Na wewe uamue vipi?

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba. Mimi kama daktari siwezi kukulazimisha, wala sitakufukuza ukikataa. Ila kataa ukiwa unajua unachokikataa. Muulize daktari wako maswali haya, nenda na ndugu mmoja, na mwombe aandike majibu:

Kinyama kimepimwa na kimethibitisha ni saratani? Iko hatua gani? Tiba hii lengo lake ni kuponya, au ni kupunguza maumivu na kuongeza siku? Nisipofanya chochote, nini kitatokea na baada ya muda gani? Kuna njia ya kati, upasuaji mdogo au mpangilio mwingine wa dawa, na nitapoteza nini nikiichagua? Nitafuatiliwa vipi baada ya hapo, na kila baada ya muda gani?

Kisha jiulize mwenyewe: ninachokataa hasa ni nini? Kama ni kisu, zungumzia kisu. Kama ni gharama, sema ni gharama, ustawi wa jamii wapo kwa kazi hiyo. Kama ni imani, mlete mchungaji au shehe wako tukae pamoja. Nimeona mara nyingi viongozi wa dini wakimtuliza mgonjwa kuliko ninavyoweza mimi. Kama unataka maoni ya daktari mwingine, yatafute wiki hii, si baada ya sikukuu.

Saratani ikiwa imeshasambaa sana, kukataa dawa kali kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Hapo omba tiba shufaa: dawa za kutuliza maumivu, huduma kwa familia, na nafasi ya kupanga mambo yako, wasia ukiwemo.

Kwa mzazi, hali ni tofauti. Mtoto hawezi kuamua, na wewe humwamulii mwili wako bali wake. Mfano ni saratani ya jicho la mtoto, ambayo huanza kwa mboni kung'aa weupe, mara nyingi ukiuona kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu. Wazazi wengi huambiwa jicho litolewe, wakaondoka na mtoto kwenda kutafuta dawa isiyogusa jicho. Wakirudi, ugonjwa umeshapita kwenye mshipa na kuelekea ubongoni. Mtoto mwenye jicho moja anasoma, anacheza na anakua. Ukiwahi, wengi wao hupona.

Angalia miguu yako leo

Jioni ya leo ukioga, tazama nyayo, viganja na kucha zako. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa kwa pamoja ni ya kawaida kwetu. Wahi hospitali ukiona mstari mpya kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka, au weusi uliovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi, au ukucha unaopasuka bila sababu, au doa la unyayo linalobadilika, au kidonda kinachovuja damu na kisichopona kwa wiki nne. Damu iliyovilia baada ya kujigonga husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Doa lisilosogea lipeleke kwa daktari wa ngozi, na ukiambiwa litolewe kinyama, usiahirishe.