Ibn al-Shatir: Muakiti wa Damascus Aliyesahihisha Hesabu ya Mwezi

  

Ndugu Waislamu, watoto wetu wanafundishwa skuli kuwa Dunia na sayari nyengine zinalizunguka Jua, na kuwa Copernicus wa Poland ndiye aliyelieneza jambo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1543. Kwenye simu wanaletewa maneno mengine: kuwa hayo yote yalishasemwa na Muislamu wa Sham, Ibn al-Shatir. Haki ya mwanachuoni huyu ni kuelezwa kama alivyokuwa, asipunguziwe wala asiongezewe.

Yatima fundi wa nakshi

Jina lake ni Ala al-Din Ali bin Ibrahim bin Muhammad. Alizaliwa Damascus karibu na mwaka 1305 Miladia. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka sita, akabaki katika malezi ya babu yake. Hapo kwa jamaa zake alijifunza kazi ya kutia nakshi za pembe za ndovu, na kwa kazi hiyo akapewa lakabu ya al-Mutaim, yaani mtia nakshi. Ni kazi isiyokubali kukisia: kipande kikizidi kidogo hakiingii, kikipungua kinaacha mwanya.

Alisafiri hadi Misri, akasoma ilimu ya falaki Cairo na Iskandaria, kisha akarejea kwao.

Kazi ya msikitini

Damascus alishika nafasi ya mkuu wa muakiti katika Msikiti Mkuu wa Bani Umayya. Muakiti ndiye anayepima Jua na nyota ili ijulikane Sala inaingia saa ngapi, na muadhini humtegemea yeye. Sala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake, na mji mzima hufunga na kufungua kwa adhana. Akikosea muakiti, kosa lake linabebwa na waumini wote walio nyuma yake.

Mwaka 767 Hijria (1365/66) alitengeneza kisanduku kidogo cha kuchukulika safarini, ndani yake mna dira na saa ya jua, kwa ajili ya kujua kibla na nyakati za Sala. Mwaka 773 Hijria (1371/72) alichonga saa ya jua ya marumaru, urefu wake kiasi cha mita 2 na upana mita 1, ikawekwa kwenye mnara wa al-Arus wa msikiti huo. Kijiti chake cha kutia kivuli alikielekeza sambamba na mhimili wa Dunia, hivyo saa zake zilikuwa sawa kwa urefu, kiangazi na kipupwe.

Hesabu iliyopingana na macho

Kwa zaidi ya miaka 1,000 wanafalaki walifuata hesabu za Ptolemy, ambaye Waarabu humwita Batlamyus. Hesabu zake zilijua vizuri Mwezi utakuwa upande gani wa mbingu. Tatizo lilikuwa umbali. Kwa mujibu wake, Mwezi hukaribia hadi kiasi cha nusu vipenyo 33 vya Dunia, kisha huenda mbali hadi 64. Tena ukaribu huo huangukia siku za Mwezi nusu. Maana yake, Mwezi wa tarehe 7 ungeonekana na upana unaokaribia mara mbili ya Mwezi wa tarehe 14. Hakuna mvuvi wala mtoto wa chuoni aliyewahi kuona jambo hilo.

Ibn al-Shatir hakukubali hesabu inayokadhibishwa na macho. Katika kitabu chake Nihayat al-Sul fi Tashih al-Usul alizipanga upya njia za Mwezi, Jua na sayari, kwa kuweka duara ndogo juu ya duara kubwa zaidi. Kwa mpango wake Mwezi ulibaki mahali pake sahihi mbinguni, na umbali wake haukubadilika tena kwa kiasi kile cha ajabu.

Alichosema na ambacho hakukisema

Mwaka 1957 ulichapishwa utafiti uliolinganisha maandishi yake na ya Copernicus, na ikaonekana kuwa mpango wa Mwezi wa wawili hao ni mmoja, tofauti ni ndogo za tarakimu tu. Utaridi pia zinafanana sana. Vipi ilimu hiyo ilifika Ulaya, wataalamu bado wanajadiliana.

Lakini Ibn al-Shatir hakusema kuwa Dunia inalizunguka Jua. Kwake Dunia ilibaki katikati. Hatua ya kuliweka Jua katikati aliichukua Copernicus, na faida yake ilikuwa kubwa: njia ya Dunia ikawa kama kipimo cha fundi, na umbali wa kila sayari ukapimika kwa hicho. Leo tunajua Utaridi iko wastani wa kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua, Dunia milioni 150, na Mushtari milioni 778.

Wazee na walimu, anayemsingizia Ibn al-Shatir maneno ambayo hakuyaandika hamtukuzi. Qur-ani imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuichukua, na habari inayotufurahisha haikutolewa katika amri hiyo. Kijana wetu akienda darasani na madai yasiyo ya kweli, siku yatakapobatilishwa ataona haya kwa dini yake bila ya sababu. Akienda na ukweli, hatakuwa na la kuogopa.

Ibn al-Shatir alifariki Damascus mwaka 777 Hijria (1375). Vipande vya ile saa ya marumaru vimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo.

Tunamuomba Allah amrehemu, amlipe kwa kila Sala iliyosaliwa kwa wakati kwa sababu ya kazi yake, na awaruzuku watoto wetu ilimu yenye manufaa na ndimi za kweli. Amin.