Nikolaus Otto

Nikolaus August Otto (10 Juni 1832 – 26 Januari 1891) alikuwa mfanyabiashara na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kutengeneza injini ya mipigo minne mwaka 1876. Injini nyingi za petroli za magari, jenereta na mashine za kukata majani bado zinafanya kazi kwa mpangilio huo.

Maisha ya awali

Otto alizaliwa Holzhausen an der Haide, kijiji kilichokuwa katika utemi wa Nassau. Baba yake alifariki angali mtoto mchanga, akalelewa na mama. Hakusomea uhandisi. Aliacha shule akajifunza biashara, kisha akawa mchuuzi msafiri aliyeuza chai, kahawa na sukari kwa maduka ya magharibi mwa Ujerumani.

Mnamo 1860 alipata habari za injini ya gesi ya Étienne Lenoir huko Paris. Injini hiyo ilikula gesi nyingi mno, kwa sababu haikushindilia mchanganyiko wa gesi na hewa kabla ya kuuwasha. Otto alimwagiza fundi mmoja wa Köln amtengenezee mfano wake ili aufanyie majaribio. Mwaka 1862 alijaribu pia injini yenye mipigo minne, lakini milipuko ndani ya silinda ilikuwa na nguvu asizoweza kuzidhibiti, na mashine ikaharibika.

Kiwanda

Mwaka 1864 mhandisi Eugen Langen alitia fedha zake katika kazi hiyo, nao wakaanzisha kampuni ya N. A. Otto & Cie mjini Köln. Injini yao ya kwanza ilikuwa na kelele kubwa: mlipuko uliirusha pistoni juu, na shinikizo la hewa ya nje pamoja na uzito wake vikairudisha chini. Hata hivyo ilitumia gesi kidogo kuliko washindani wake wote, ikapata medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1867.

Mwaka 1872 kampuni ilikuwa Gasmotoren-Fabrik Deutz. Gottlieb Daimler aliajiriwa kusimamia ufundi, akaja na Wilhelm Maybach. Daimler na Otto hawakupatana, na mwaka 1882 Daimler aliondoka.

Injini ya mipigo minne

Injini ya zamani ilikuwa imefikia kikomo cha nguvu farasi 3 hivi, kwa hiyo Otto alirudia wazo lake la 1862. Pistoni hushuka na kuvuta mchanganyiko wa mafuta na hewa. Hupanda na kuushindilia. Cheche huuwasha na pistoni kusukumwa chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena kutoa moshi. Mwanzoni Otto aliwasha gesi kwa mwali wa moto. Mwaka 1884 alitengeneza mfumo wa kuwasha kwa umeme wa sumaku, na hivyo injini yake ikaweza kutumia mafuta ya majimaji pia.

Mpangilio huo ndio unaomwongoza fundi anapotafuta kasoro ya mashine ya kukata majani isiyowaka. Petroli iliyokaa miezi mingi, kabureta iliyoziba au chujio la hewa lililojaa vumbi huharibu mpigo wa kwanza. Kamba ya kuwashia ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, huenda ringi za pistoni zimelika au valvu inavujisha, na mchanganyiko haushindiliwi. Plagi hufunguliwa na kutazamwa: ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayaungui; ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Kisa kinachowasumbua wengi ni mashine iliyozimika baada ya kisu kugonga jiwe. Plagi hutoa cheche vizuri, ila kipande kidogo cha chuma kinachoshika gurudumu la sumaku kimekatika, na cheche inakuja wakati usiofaa.

Kesi ya hataza

Deutz ilipata hataza ya injini hiyo mwaka 1877 na kuwazuia wengine kuitengeneza. Washindani walienda mahakamani, wakaonyesha kijitabu cha Mfaransa Alphonse Beau de Rochas cha mwaka 1862 kilichoeleza mipigo hiyo minne. Beau de Rochas hakuwahi kujenga injini yenyewe, lakini mwaka 1886 mahakama ilifuta sehemu kuu ya hataza nchini Ujerumani. Kwa Otto lilikuwa pigo zito, kwani aliona heshima ya uvumbuzi wake imechukuliwa. Kwa viwanda vingine njia ilifunguka, na injini za aina hiyo zikaenea haraka.

Familia na kifo

Otto alimwoa Anna Gossi mwaka 1868. Alifariki Köln akiwa na umri wa miaka 58. Mwana wao Gustav (1883–1926) alianzisha kiwanda cha ndege mjini München, ambacho ni mojawapo ya asili za kampuni ya BMW.